Ubeti wa Binti wa Seremala

Mtaani walimwita Bubu, ingawa ulimi alikuwa nao. Seremala yule alikuwa bahili wa maneno tu. Ya nyumba nzima yalisemwa na mkewe.

Mke huyo alimtungia binti yao wa pekee ubeti, akamwimbia kila alipomwogesha uani, nyuma ya ukuta wa karakana. Jino la kwanza lilipong'oka, akauacha. "Mwenye ubeti kashaondoka," alisema.

Mwaka huu naye akaondoka. Wiki hiyohiyo ya mazishi binti akaja karakanani, mtoto mchanga mgongoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Ule ubeti wangu umenitoka. Nataka nimwimbie huyu."

"Nilikuwa kazini mimi."

"Kazini wapi, baba? Si ukuta huu mmoja? Hata jogoo wa jirani aliujua."

"Basi kamuulize jogoo."

Binti akacheka kidogo, kisha machozi yakamshinda. Mzee akajaribu. Hata mstari mmoja haukuja. Akaona mkewe amezikwa mara ya pili.

Akashika randa, akarudi kuulainisha ubao wa mlango wa mteja. Randa ikaenda, maneno yakaja kinywani. Akasimama, yakakatika. Akasukuma tena, yakarudi. Miaka ile yote hakuwahi kuusikia ubeti ule ila ndani ya mlio wa randa.

*Lala kwangu mapajani,*
*kesho utajiendea;*
*ukitoka mlangoni,*
*mwanangu atapotea.*

Binti akafuta machozi. "Kumbe mama aliniomboleza ningali hai."

"Ee."

"Lakini mimi nipo, baba. Aliyepotea nani?"

"Wewe mama wa mtu sasa. Yule wa mapajani hayupo, mwanangu. Tulimlilia chinichini, usije ukasikia."

Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mara moja.

Binti akaurudia mpaka ukamkaa, mtoto akalala, wakaenda zao. Mzee hakusimama. Randa ikienda, sauti ya mkewe ilikuwepo uani, na maji yakimwagika. Ikisimama, ukuta tu.

Jioni mteja akaja, akauinua ubao kwa vidole viwili.

"Mzee wangu, huu mlango au karatasi? Mwizi si atapiga chafya tu aingie?"

Bubu akashika randa. Akachukua ubao mwingine.