Makofi Katikati ya Zebra

Siku ile pale kwenye zebra ya Nanyala tulikuwa mimi na mwanangu mgongoni, bibi mmoja jirani yetu mwenye fimbo, dereva wa lori la kwenda Tunduma, na bodaboda aliyetokea upande wa pili.

Lori lilisimama ili tuvuke. Nikamshika bibi mkono. Tulipofika katikati akajichomoa, akaweka fimbo chini, akachuchumaa mbele ya lori na kupiga makofi taratibu, kama wazee wa kwetu Mbozi wanavyoshukuru. Bodaboda akafunga breki karibu yetu kabisa, tairi likalia.

"Bibi, utakufa! Unasali barabarani?"

"Namshukuru huyu aliyesimama," bibi akamjibu. "Wewe ulikuwa hujasimama."

"Si nimesimama sasa!"

Bibi akamgeukia, akampigia makofi na yeye. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Nilipotaka kumwinua, dereva wa lori akazima injini, akatoa kichwa dirishani. "Mama, usimharakishe. Mwache amalize."

Nikamngoja akamaliza, nikamwinua, tukavuka. Nimkataze mzee kushukuru? Waliochora zebra ile walipima upana wa barabara vizuri tu, ila hawakuacha mahali pa kusimama katikati, na magoti ya bibi hayanyanyuki haraka.

Nilimwomba awe anashukuru akishafika ng'ambo, akakubali. Siku hizi anawapigia makofi madereva ambao wameshaondoka.