Kipa Mwenye Blanketi

Timu yetu ya shamba la chai ilikuwa mbovu, na nasema hivyo nikiwa mmoja wa waliosababisha. Nilicheza mbele. Kazi ya mtu wa mbele ni kufunga mabao, na mimi sikuwa nimefunga hata moja tangu nitoke kwetu ziwani kuja Kericho kutafuta kazi. Lakini Bwana meneja alipenda mpira, na kila aliyevaa jezi yake alipewa kazi ya ndani. Mimi nilipewa dari ya kiwanda, kule majani mabichi yanakotandazwa yanyauke. Kulikuwa na joto na mvua haikufika. Kwa mtu mwenye kifua kama changu, dari ile ndiyo iliyokuwa uzima wenyewe.

Kisha Bwana akachoka. Alitupanga mstari akasema tusipowafunga majirani zetu wa upande wa Sotik, timu imekwisha, na sote tutakwenda kung'oa visiki kwenye shamba jipya. Mvua kubwa zilikuwa zimeanza. Wenzangu walinung'unika. Mimi nilikohoa.

Ndipo tukampata yule kijana. Alikuwa Mkipsigis, na Wakipsigis wengi wa siku zile hawakutaka kusikia habari za kuchuma chai. Waliona ni kazi ya sisi tuliokosa ng'ombe. Yeye alikubali kuja kwa sababu shamba lilikuwa na maksai wa kukokota mikokoteni, na maksai walihitaji mtu wa kuwaelewa. Siku moja tukifanya mazoezi, mpira uliruka ukaangukia zizini. Aliurudisha kwa teke moja, miguu mitupu, nao ukapita juu ya vichwa vyetu sote ukaingia golini. Kipa wetu alisema hakuwa amejiandaa. Hakuwahi kujiandaa.

Mechi ya kwanza kijana alipocheza tulishinda. Hatukujua mtu hufanya nini baada ya kushinda, tukabaki tumesimama uwanjani mpaka Bwana akatufukuza.

Jioni moja nilimweleza zizini habari ya visiki. Alisikiliza kifua changu kikipiga filimbi huku akimkuna maksai shingoni.

"Wewe ndugu, huwezi kwenda huko," akasema. "Hii mvua itakumaliza."

Majirani nao walikuwa na nyapara mjanja. Hakuuliza kijana anacheza vipi. Alikwenda Kapkatet, kwao kijana, akauliza anamwogopa nani. Akaambiwa: motiriot wake, mwalimu aliyekaa naye jandoni, kibandani msituni, mpaka adabu ikamwingia. Mtu wa namna hiyo humkatalii neno, na mbele yake macho unayaweka chini maisha yako yote. Nyapara akampelekea chumvi ya ng'ombe, akamwomba aje asimame kidogo kati ya miti miwili.

Kwa hiyo siku ya mechi kipa wao alikuwa mtu wa makamo aliyejifunga blanketi, mkononi ana fimbo. Hakuwa amewahi kuuona mpira, na wala haukumvutia. Alimtazama kijana tu.

Kijana akacheza karibu na goli letu, mbali na blanketi kadiri uwanja ulivyomruhusu. Bwana alifoka mpaka shingo ikawa nyekundu. Mechi ilipokaribia kwisha hakuna aliyekuwa amefunga, na mimi nilishaanza kuvisikia visiki mgongoni. Hapo mpira ukamfikia kijana, na miguu yake ikamshinda kuizuia. Aliwapita wote. Alipoinua kichwa, mbele yake kulikuwa na blanketi.

Akasimama. Akauweka mguu juu ya mpira, akainamisha uso. Mabeki wao hawakujisumbua kumkimbilia, walijua yameisha. Mimi nilifika nikihema, nikajaribu kusema kitu, nikakohoa. Kijana alinigeukia akanitazama kifuani. Kisha akaanza kusema kwa lugha yao, ambayo nilikuwa nimeiokota kidogo sokoni.

"Baba, naomba njia."

Mwalimu akafikiri. Tangu asubuhi watu walikuwa wamemsukumasukuma tu, na huyu ndiye wa kwanza kumwomba kitu kwa heshima.

"Umeomba vizuri," akasema. "Sikukufundisha bure. Pita. Lakini ukishapita, vua hiyo nguo ya mzungu twende nyumbani."

Kijana aliutazama mpira chini ya mguu wake. Mpira aliupenda kuliko sote tukiwekwa pamoja, lakini aliyemwambia auache hakuwa mtu wa kubishana naye.

"Sawa, baba."

Mwalimu akasogea kando, akakusanya blanketi lake lisichafuke. Kijana akausukuma mpira ndani, polepole.

Majirani walipiga makelele. Refa, ambaye alikuwa karani wao wenyewe, alitafuta kanuni inayomkataza kipa kumpisha mtu. Akaikosa, akapuliza filimbi.

Wakati tunarukaruka, kijana alikuwa ameshavua jezi. Alinikabidhi ikiwa imekunjwa.

"Kaa huko juu darini, ndugu," akaniambia. Akamfuata mwalimu wake kwenye njia ya Kapkatet, na sikumwona akipiga teke hata jiwe.

Tulifungwa mechi zote zilizofuata, lakini Bwana alikuwa bado anawasimulia wageni wake lile bao, na visiki akavisahau. Nikabaki darini. Mvua ilipiga mabati, majani yalinukia vizuri, kifua kikatulia. Na kila maksai walipopita chini na mchungaji wao mpya, niliacha kazi nikachungulia dirishani kumtafuta yule kijana, ingawa nilijua hayupo.