Sauti Waliyoifuta Kwenye Albamu Yangu

Albamu ya nyimbo zangu bora ilipotoka, sikuisikiliza peke yangu. Nilitaka niisikilize na mama. Nikanunua mkate na majani chai, nikaenda kwake Muthara.

Mama hajawahi kujiita mwimbaji. Lakini nyimbo zangu zilizopendwa zaidi zilianzia kwake, kwa mahadhi ambayo yeye na wenzake waliimba wakipalilia. Mimi niliongeza maneno yangu na gitaa la umeme, na tulipoingia studio yeye ndiye aliyeniitikia. Watu walikuwa wakipiga simu redioni kuuliza, "Huyo mama anayeitikia ni nani?"

Tukaketi jikoni. Nikafungua kwenye simu wimbo wa kwanza, ule nilioutunga kuhusu wanawake wanaokata maua kwenye mashamba ya Timau, kwenye baridi. Gitaa likaingia, nikaimba ubeti, halafu akaitikia msichana mwenye sauti laini ambaye sijawahi kukutana naye. Hata Kimeru chenyewe kilimshinda kutamka.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama.

"Huyu ni nani yuko mahali pangu?"

Nikafungua wa pili, kisha wa tatu. Zote zilikuwa vilevile. Mama akainuka, akaenda kulisha ng'ombe. Chai yake akaiacha.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa Meru mjini, mlangoni pa studio, kabla hawajafungua. Mwenye studio alinipokea akicheka.

"Madam, umesikia vile imetoka safi?"

"Mama yangu yuko wapi?"

"Aah, ile sauti ilikuwa inakwaruza. Vijana hawawezi sikiza hiyo."

"Na uliniuliza?"

"Lakini nyimbo si bado ni zako? Huyo alikuwa anaitikia tu."

Anaitikia tu! Nilimwambia uzinduzi wa albamu aliokuwa amepanga aufanye na msichana wake, mimi sitakanyaga hapo. Akasema mabango yameshabandikwa hadi Embu. Nikamwacha akisema.

Wiki hiyo kituo kimoja cha redio kilikuwa kimenialika niisifu albamu. Nilienda, na badala ya kuisifu nikasema yote. Mtangazaji alitaka kukimbilia matangazo, ila simu zilikuwa zimeanza kuingia. Mwanamke mmoja wa Gachoka alisema, "Warudishe huyo mama. Sisi ni Wambeere, maneno mengine ya Kimeru hatuyashiki, lakini yeye tunamwelewa."

Siku chache baadaye mwenye studio akanipigia, mpole kabisa. Alikuwa amemrudisha mama kwenye nyimbo zote isipokuwa ule wa Timau. Rekodi ya kwanza ya wimbo huo alikuwa ameifuta ili apate nafasi kwenye kompyuta. Alinieleza hivyo kama mtu anayesema amefagia nyumba. Nakala zilizobaki kwenye simu za watu ni mbovu, mama anasikika kama yuko ndani ya pipa.

Nilimwomba mama turekodi upya. Akakataa.

"Mimi nilishauimba, na wakati huo nilikuwa na kifua cha kuimba. Walioupoteza ndio wautafute."

Hawajautafuta. Wimbo unachezwa madukani, na msichana yule anaitikia. Kila nikiukuta namwambia mwenye duka azime, na akiniuliza kwa nini, namweleza.