Nduma za Mama Kwenye Matope ya Vanga

Nikishuka bondeni kung'oa nduma, haya magimbi yetu, yale matope meusi yanapouachilia mzizi kwa ule mlio wa kunyonya, harufu inayopanda si ya kwetu Tetu hata kidogo. Ni ya Vanga. Mtanicheka, maana mimi ni mtu wa kukaa kwangu. Watoto wangu husema nikifika Karatina tu naanza kuuliza gari la kurudi linatoka saa ngapi. Lakini niliwahi kuishi pwani, wenzangu. Wiki mbili tatu hivi, na nikaziharibu.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Baba alikuwa karani wa serikali, na karani wa siku hizo aliletewa barua akaenda alikotumwa. Akatumwa Vanga, mji mdogo kule mwisho wa pwani karibu na mpaka wa Tanzania, nyumba zake zimebanana kati ya minazi na mikoko kama watu waliojikinga mvua. Mwaka wa kwanza alikaa peke yake, katika chumba cha kupanga katikati ya mji. Likizo ya Agosti akahamia nyumba ya pembezoni, akatuita, mimi na Mama, tukaone kama tunaweza kuhamia.

Mama aliweka sharti moja, kwa Kikuyu chake kisicho na kona. "Nikipata mahali pa kulima, tutakaa. Nikikosa, narudi Tetu na mtoto. Siwezi kukaa ndani ya nyumba nikingojea mshahara kama kuku anayengoja kumwagiwa mahindi." Na ili mtu asidhani anatania, alisafiri na gunia la miche ya nduma, akalipakata tangu Nyeri mpaka baharini.

Mimi nilikuwa na miaka tisa, na siku ya kwanza tu nilishaamua kwamba nataka kurudi nyumbani. Joto lilinilalia kama blanketi la mgonjwa. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mikoko iliyosimama juu ya mizizi yake, kana kwamba inaogopa kulowa miguu. Kaa wadogo walitoka mashimoni, kila mmoja na mkono mmoja mkubwa mwekundu, wakiupunga kama askari wa chifu anayewafukuza watu barazani. Na samaki! Kwetu hatukula samaki, lakini angalau nilijua wanaishi majini. Wa Vanga walitambaa juu ya matope, wakapanda mizizi ya mikoko, wakakaa huko wakinikodolea macho. Nililia mpaka Baba akanibeba.

Mama hakuona kaa wala samaki. Aliona udongo. Ng'ambo ya mnazi wa mwisho palikuwa na uwanja wa matope meusi, laini, na kijito chembamba kilichotiririka kutoka upande wa kisima. Akayaonja maji yake. Matamu. Akamgeukia jirani yetu, Bi Mwanaisha.

"Ati hii mchanga yote imelala tu? Hakuna mtu analima?"

Walizungumza kidogo, kisha Bi Mwanaisha akaenda zake akitikisa kichwa. Kesho yake Mama alikunja gauni akaanza kupanda.

Siku zile Mama aliimba. Baba alikuwa akitoka ofisini anavua viatu, anakunja suruali yake ya kazi na kuingia matopeni kumsaidia, jambo ambalo Tetu hakulifanya hata mara moja. Jioni moja nilimsikia akisema amekwenda kuniulizia nafasi shuleni. Nikajifunika shuka gubigubi, na joto lile lote.

Siku iliyofuata nilikuwa nikicheza na Zuhura, binti wa Bi Mwanaisha, aliyekuwa amejitolea kunifundisha kutembea matopeni bila kuanguka kama mlevi.

"Mamaako apanda nini pale?" akauliza.

"Nduma."

"Zitakufa. Siku hizi ni maji mafu, bahari haifiki. Mwezi ukiandama, bamvua laingia. Pale pote ni bahari."

"Itatoka wapi?"

"Itarudi! Kwani kwenu bara maji hayarudi?"

"Kwetu maji yakienda, yameenda."

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilimuuliza zimebaki siku ngapi, akanionyesha vidole vinne. Nikarudi nyumbani, nikamkuta Mama akinawa miguu, uso wake umekunjuka. Akaniuliza mbona niko kimya. Nikasema ni joto.

Siku nne nilimeza maneno yale pamoja na chakula. Siku ya tano asubuhi, Mama alifungua mlango wa nyuma akasimama. Hapakuwa na uwanja. Palikuwa na bahari, imetulia, inang'aa, imefika kwenye ukuta wa jikoni kama mgeni anayejua anatarajiwa. Mama akaingia. Alikwenda mpaka maji yakamfika kiunoni, akawa anapapasa kwa miguu akitafuta mistari yake.

"Toka majini, Mama Wanjiru!" Bi Mwanaisha aliita. "Yatatoka yenyewe, mwenzangu!"

Baba alitokea na povu la sabuni shavuni. Mwanzo alicheka. Halafu akaona uso wa Mama, akajifuta lile povu. "Si utapanda zingine?" akasema.

"Wapi?" Mama akauliza.

Wiki haikuisha, tukawa Tetu. Nilirudi kifua mbele kama aliyeshinda vita. Niliwasimulia wenzangu habari za samaki wanaopanda miti, wakaniita mwongo, nami nikafurahi. Baba alibaki Vanga miaka sita. Alikuja Krismasi na miguu yake ikinuka mafuta ya nazi, na kila mwaka alizidi kuwa mtu wa kuulizwa kama atakunywa chai.

Nilikuja kukiri kwa Mama nikiwa na watoto wangu mwenyewe. Nilidhani atakasirika. Alicheka kidogo, akaendelea kumenya viazi.

"Mwanaisha mwenyewe aliniambia siku ile ile nilipomuuliza," akasema. "Akanionyesha mahali pengine, juu karibu na kisima. Nikasema, huyu ananifukuza kwenye udongo mzuri anipe mbaya. Wazungu walikuwa wametufanyia hivyo hivyo. Mtu akiniambia usipande hapa, mimi nilikuwa nasikia kitu kimoja tu."

Nikashusha pumzi. Kumbe kunyamaza kwangu hakukuwa kumebadilisha lolote! Nilikaa na raha hiyo kwa muda wa kiazi kimoja, labda viwili, kabla sijaelewa. Bi Mwanaisha alikuwa mgeni kwake, Zuhura ni mtoto wa Bi Mwanaisha, na Baba naye hakujua kitu. Katika mji ule wote, mtu ambaye Mama angemwamini alikuwa mmoja tu, na alikuwa amesema ni joto.