Dereva wa Gari la Wagonjwa na Farasi Aliyeitwa Shangazi

Hospitalini walimwita King'ora, si kwa ajili ya gari la wagonjwa aliloliendesha miaka kumi na tisa, bali kwa mdomo wake: ukimsikia getini, ujue wodi nzima itacheka. Sasa mdomo huo ulikuwa umezima. Miezi minane iliyopita mtoto wa miaka sita alifia garini mwake, njiani, na tangu hapo akishika usukani mikono humtetemeka kama ya mwenye homa. Daktari mkuu alikata shauri: harudi barabarani mpaka mshauri wa saikolojia, anayetibu watu kwa msaada wa farasi, aandike barua kwamba amepona.

Ndiyo maana kila Jumanne alikuwa hapa, kwenye banda linalonuka majani makavu na mkojo, burashi mkononi, mbele ya farasi jike mzee wa kijivu. Walimwita Shangazi kwa wepesi wake wa kununa.

Kwa mara ya sita, Shangazi akampa kisogo.

"Umekataliwa tena, shemeji," mtunza farasi akamtania. "Hata mke hanuni hivyo!"

"Mimi niko sawa. Mwenye matatizo ni huyu mnyama wenu."

Mshauri, mwanamama aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hakucheka. "Hebu jaribu tena. Msemeshe."

King'ora akasogea kwa upande, kama alivyofundishwa, ili asimshtue. Akatoa ile sauti yake ya kazi, laini kama mafuta: "Tulia, mama. Tumeshafika. Tumeshafika."

Masikio ya Shangazi yakalala nyuma. Akarudi hatua mbili, kwato zikagonga mbao.

"Umebana pumzi," mshauri alisema. "Mdomo unasema tulia, kifua kimekaza kama ngoma. Sisi watu unatuweza kwa maneno, lakini yeye anasoma mwili. Hayo maneno huwa unamwambia nani?"

"Wagonjwa wote. Ni ya kazi tu."

Akaitazama burashi kana kwamba ndiyo iliyomuuliza.

"Nilimwambia na yule mtoto. Aliniuliza, 'Anko, bado mbali?' Nikamwambia tumeshafika. Zilikuwa zimebaki kilomita kumi na nne, na nilijua. Akanyamaza. Akawa ananisubiri nisimamishe gari."

Pumzi ikamtoka kwa kishindo. Akaegemea nguzo, akalia kilio kibaya, cha mtu mzima aliyesahau kulia kunaanzia wapi. Shangazi hakuja kumlaza kichwa begani. Hayo ni ya sinema. Alisimama pale pale, ila safari hii hakurudi nyuma. Baadaye akainamisha kichwa, akaanza kutafuna mdomo mtupu, kama wafanyavyo farasi wakitulia. King'ora akamwekea kiganja ubavuni. Ngozi ilikuwa na joto, ikipanda na kushuka polepole, na pumzi yake mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, ikaanza kuifuata.

Mshauri akatoa kalamu. "Hospitali wanataka barua kesho. Niandike nini?"

Barua hiyo ndiyo aliyoiota miezi yote minane. Nyumbani mkewe alikuwa ameshaipiga pasi sare yake.

"Andika siwezi," alisema. "Andika sijui kama nitaweza tena."

King'ora akazunguka upande wa pili, akaendelea kumpiga Shangazi burashi taratibu, machozi yakidondokea manyoya.