Makofi Matatu, Hatua Mbili

Mimi nikijifunza jambo jipya, nyumba nzima haipumui. Nilirudi Rumonge kutoka Bujumbura na kozi yangu ya kinanda kichwani, nikaanza kufundisha hata wasioniuliza. Nilimweleza baba, mchuuzi wa samaki aliyekulia kwenye rumba, kwamba mdundo wake huo unahesabiwa nne: moja, mbili, tatu, nne, kwamba ulivuka bahari na watumwa, ukakaa Kuba, kisha ukarudi Kongo ndani ya santuri. Baba alinisikiliza huku akianika ndagala zake.

"Kumbe! Mimi nilijua mdundo huu ulitoka kule Uvira na babu yako."

Nikamwambia pia kwamba kaswida zina sauti zinazopita katikati ya vitufe viwili vya kinanda, mashine haizifikii. "Basi irudishe dukani," akasema. Baba huyo!

Mdogo wangu alipoposwa, nikajitia kimbelembele: nitampigia kinanda siku ya harusi. Upande wa mama, bibi harusi hutoka chumbani hadi mkekani uani kwa makofi ya wanawake wa ukoo. Makofi yakivunjika, anarudi chumbani, wanaanza upya. Yakivunjika mara ya tatu, anaingia uani kimya, bila kofi hata moja. Mama yetu aliingia kimya. Miaka yote hii, kwenye harusi za watu, mama hupika, huosha vyombo, lakini makofi hapigi.

"Dada," mdogo wangu aliniambia nikimfunga mtandio, "mimi nisiingie kama mama, tafadhali. Nitalia mbele ya watu."

"Weye tulia," nikamjibu. "Nina mashine."

Lo, mashine! Nilibonyeza kitufe cha rumba, ngoma ya ndani ikaanza, nne baada ya nne, safi kabisa. Akina mama wakapiga makofi yao. Bibi harusi hajafika hata hatua ya tano, kila kitu kikagongana. Akarudi. Nikapunguza mwendo, nikahesabu kwa sauti: "Moja, mbili, tatu, nne!" Ikawa vibaya zaidi. Akarudi tena, na pale mlangoni akajifuta macho kwa mtandio. Mama alikuwa kwenye kizingiti cha jiko, ameshika mwiko, hatazami.

Mama mkubwa, dada yake mama, ndiye huongoza makofi. Alinijia pale kwenye kinanda na jasho lake.

"Sasa weye mutoto, unahesabu nini?"

"Nne, mama mkubwa."

"Nne iko wapi hapa? Zima hiyo kitu. Angalia miguu."

Ujanani alikuwa akisukuma mtambo wa kukamua mawese kule Minago, wanawake wakizunguka na gogo huku wanaimba. Sasa, mbele yangu, alikanyaga chini mara mbili kama kwenye mtambo ule, na katika muda uleule akapiga makofi matatu, yote kwa mwendo wake bila haraka. Mbili na tatu zinaanza pamoja, zinaachana, halafu zinakutana tena pale pale mwanzo. Jambo hilo niliandikiwa ubaoni Bujumbura, nikapata alama nzuri, na sikuwa nimelisikia hata siku moja. Niliona aibu, na papo hapo nikafurahi mpaka mwili ukanisisimka.

Nikaizima ngoma. Mkono wa kushoto ukashika mdundo wa miguu, wa kulia ukafuata makofi. Mlango ukafunguliwa. Mdogo wangu alitembea taratibu, macho chini kama inavyotakiwa, lakini midomo inamcheza kwa tabasamu. Akapita hatua ya tano. Akapita ya kumi. Alipokanyaga mkeka, mguu wake na kofi vilitua pamoja, na vigelegele vikafika barabarani kwenye mabasi. Mimi nilikuwa nacheka na kulia, vitufe vimelowa.

Wanawake hawakuacha kupiga. Mama mkubwa alikuwa anatazama jikoni.

"Yale ya harusi ya mama yenu yalivunjika mikononi mwangu," akasema. "Huyu naye aingie."

Mdogo wangu akainuka mkekani na mapambo yake yote, akamnyang'anya mama mwiko, akampeleka hadi mlango wa chumbani.

"Acheni ujinga, ugali utaungua," mama akasema.

Hakuna aliyeacha. Basi akatembea, kanga ya jikoni kiunoni, hatua mbili kwa makofi matatu, hakukosea hata moja. Alipofika mkekani akainua mikono yake yenye unga, akapiga makofi.