Vumbi la Makochi

Ukitaka kujua watu wanaishi vipi, usihangaike kuingia sebuleni kwao. Lipasue kochi lao. Fundi makochi alikuwa ameyapasua kwa miaka kumi na minane, na alishakuta ndani yake vijiko, vifungo, meno ya bandia, hata barua ya mapenzi ambayo haikumhusu mwenye nyumba. Lakini zaidi ya yote alikuta vumbi, vumbi laini la miaka nenda rudi, lililochanganyika na nywele za paka na sponji iliyooza. Hilo ndilo alilorudi nalo nyumbani kila jioni, na hilo ndilo lililokuwa likimtesa binti yake.

Binti huyo alikuwa na miaka minne. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa na pumu ya ngozi tangu uchanga: ndani ya viwiko, nyuma ya magoti na shingoni, ngozi ilikauka ikapasuka. Akianza kujikuna hakuna wa kumzuia, na asubuhi shuka lilikuwa na madoa ya damu. Majirani, ambao hata bandeji hawakujua kuifunga, kila mmoja alikuwa na dawa yake.

"Hizo dawa za majirani tupeni," muuguzi wa kliniki aliwaambia wazazi. "Aoge maji ya vuguvugu, dakika chache tu, sabuni isiyo na harufu. Msimsugue. Mkausheni taratibu na taulo, na ngozi ikiwa bado na unyevunyevu mpakeni mafuta ya mgando, mengi. Na nyumbani msifagie mkatimua vumbi. Futeni kwa kitambaa chenye maji."

Mama Chiriku alikuwa mtu wa kushika neno. Alitoa zulia, akashusha mapazia, akamkata mtoto kucha, akawa anasuuza nguo mara tatu. Manukato yake ya harusi akampa dada yake. Fundi naye akawa anavua nguo za kazi uani na kuoga kabla ya kuingia ndani. Chiriku alikatazwa kumkimbilia. Mwanzoni alikuwa akisahau, na mama yake alimpigia kelele: "Usimguse baba, ana uchafu!" Maneno hayo yalimchoma fundi, akayameza.

Pamoja na yote hayo, mtoto aliendelea kujikuna.

Kisha fundi akapata kazi ya kuvalisha upya viti vya ukumbi mmoja katika mji mwingine, wiki tatu nzima. Aliporudi alioga mara mbili, akavaa shati lililotoka kwenye kamba, akampakata mwanawe. Ngozi ya viwiko ilikuwa laini. Alipitisha kidole gumba pale mara nne, asiamini, akacheka peke yake kama mwehu. Siku tatu baada ya kuanza tena kazi kwenye karakana yake, shuka likaamka na damu.

Walilifua, na walipokuwa wakilianika Mama Chiriku akasema:

"Baba Chiriku, wiki tatu hakujikuna."

"Najua."

"Sikulaumu mwenzangu."

"Afadhali ungenilaumu, ningepata la kujibu."

Walirudi kliniki. Muuguzi hakuzungusha maneno. Si kila mtoto mwenye ugonjwa huu anasumbuliwa na vumbi, alisema, ila ngozi ya huyu hailitaki kabisa, na vumbi hujificha kwenye nywele, masikioni, kwenye mkoba na hata kwenye simu.

"Nikinyoa kipara je, sista?"

"Itasaidia kidogo, baba."

Alinyoa siku hiyohiyo. Haikutosha. Alijaribu kazi ya kupaka rangi, na ndani ya mwezi mmoja wakamwambia asirudi, mikono yake ilizoea nyundo na sindano. Basi akahamishia godoro karakanani, akawa anakwenda nyumbani Jumapili tu. Ngozi ya Chiriku ikapona. Watu walimpongeza, na yeye aliitikia asante huku roho ikimuuma, kwani kila walichokisifia kilimwambia abaki alikokuwa.

Jumapili moja, mwezi wa saba wa maisha hayo, fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, safi kama aliyekuja kuposa. Chiriku alikuwa akiruka kamba uani. Akajikwaa, goti likachubuka, akainuka analia na kuja mbio upande wa mlangoni. Fundi akapiga magoti, akafungua mikono.

"Njoo, mama. Baba ameoga. Njoo."

Mtoto akasimama hatua mbili mbele yake, akaificha mikono mgongoni. Kisha akajibana ukutani, akampita taratibu asiguse hata shati lake, akaenda kulia jikoni kwa mama yake.